Kutwanga Maji

Wanafunzi walimwita Bi Gololi, na jina halikumuudhi. Alikuwa mkemia wa chuo, mbishi kama kisiki, na katika chumba chake cha kazi kulikuwa na kinu cha gololi: pipa lililolala juu ya rola mbili, likizungushwa na mota, gololi zikipandana na kuangukiana ndani kwa kelele za kuwahamisha walimu wa jirani. Miaka yote alisagia humo unga mkavu, mpaka siku wifi yake alipokuja amenuna.

Wifi huyo, mke wa kaka yake, alitia vitambaa rangi uani kwake. Maji ya kazi yake yalitiririka mtaroni, leo ya bluu, kesho mekundu, yakipita mbele ya milango ya watu. Majirani walishitaki, na ofisi ya mtaa ikaamua: ama maji yatoke safi, ama kazi ifungwe. Bi Gololi akamwambia amwachie yeye. Wawili hao hawakuwa chanda na pete. Wifi alimtazama kwanza, kisha akasema, "Mimi sitaki maelezo, wifi. Nataka maji meupe."

Bi Gololi alikuwa na wazo. Kitana cha plastiki kikipita kwenye nywele kavu huvuta vipande vya karatasi, kwa sababu kuna umeme kidogo umehama. Je, gololi zikigongana na kuachana ndani ya maji kutwa nzima, umeme huo hauwezi kuivunja rangi?

Mkuu wa maabara alicheka. Alisema maji yangemeza kishindo chote, na kwamba huko ndiko kutwanga maji kinuni. Bi Gololi akajifunga kibwebwe, akatia kinuni maji ya bomba yenye rangi ya bluu. Gololi za chuma zilitoa tope la kutu. Za kioo zilizunguka weee, rangi ikabaki palepale. Ndipo akatafuta zilizovikwa plastiki ile inayopakwa ndani ya kikaango ili chakula kisigande. Jioni bluu ilikuwa imefifia kama shati kuukuu. Kesho yake kitako cha bilauri kilionekana kupitia maji hayo.

Safari hii mkuu hakucheka, ila alikuwa na shaka ya haki: huenda rangi imenata tu kwenye gololi. Bi Gololi akaziacha nyingine zilizofanana nazo zitulie ndani ya rangi, bila kuzungushwa, kwa muda uleule. Rangi haikupungua. Zile zilizozunguka akazisuuza kwa spiriti, nayo ikatoka bila rangi. Basi rangi ilikuwa imevunjika kweli.

Akamwita wifi kwa mbwembwe, aje na ndoo ya maji yake mwenyewe. Kinu kikazunguka mchana kutwa. Walipofungua, maji yalikuwa mekundu vilevile. Wifi alichukua ndoo yake akaondoka, na kuondoka kule kulimkata Bi Gololi maini kuliko kicheko cha mkuu.

Hata hivyo alipiga moyo konde. Asubuhi alikwenda uani kwa wifi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaomba aonyeshwe kazi tangu mwanzo. Wifi alikoroga sufuria bila kumtazama, kisha akaanza kumimina chumvi, kopo baada ya kopo.

"Yote hiyo?"

"Bila chumvi rangi haishiki kitambaa. Si wewe ndiye msomi wa mambo haya?"

"Msomi, ndiyo. Lakini nilijaribu kwa maji matamu tu. Chumvi inaupoteza umeme wangu kabla haujafanya kazi."

Wifi aliweka mwiko chini. Walizungumza mpaka jua likawa kali, wakakubaliana. Maji ya kwanza, yenye chumvi, yasimwagwe, yatiwe rangi tena kwa kitambaa kinachofuata. Maji ya kusuuzia ya mwisho, yenye chumvi kidogo, ndiyo yaingie kinuni.

Yakaingia, yakatoka meupe. Kaka mtu akaunda rola kubwa na pipa la kuwekwa pale uani, na mkaguzi wa mtaa akachota chupa ya kupima, akaruhusu kazi iendelee kwa majaribio. Kinu kilikuwa cha taratibu mno, kikimudu nusu tu ya kazi, na wifi akapunguza oda zake kwa hiari. Bi Gololi hakuridhika na nusu. Jumamosi alifika na futi kamba kupimia pipa la pili, na wifi, bila kuombwa, akashika ncha ya upande wa pili.

"Ongeza upana," alisema. "Msimu huu watu wanataka bluu."