Kipande Kilichofungiwa Kabatini

Msinizibe mdomo, nitasema mwenyewe. Mdogo wangu Uwamahoro alituomba msaada kwa maandishi, nami Swafiya, fundi cherehani wa Biryogo ninayejiona mjanja, nikayasoma kwa sauti barazani, watu wakastarehe.

Alikwenda Brussels mwaka 1985 kulea watoto wa Bwana na Madamu mmoja, Wabelgiji waliokuwa wakiishi hapa Kigali. Mama alikubali kwa sababu yule Bwana alijua Kiswahili. Alikuwa amekaa Bukavu miaka mingi, akaja kwetu akamwamkia Mama "shikamoo" bila kusita. Basi tukaona binti yuko mikononi mwa watu.

Barua zake ndizo zilizokuwa sinema yetu. Kigali hatukuwa na televisheni, na yeye huko aliangalia filimu za vipande, kipande kimoja kila wiki, akawa anatuandikia. Ya Brazili: mapacha wawili wanampenda daktari mmoja, mmoja anapofuka, mwenzake anajifanya ndiye. Ya Ujerumani: mpelelezi mstaafu, kila mwizi anayemkamata anatoka mtaa wake mwenyewe, mpaka majirani wanaacha kumsalimia. Ya Japani: mama mkwe anakufa, halafu anarudi kila jioni kuonja mchuzi wa mkamwana wake. Hiyo, wallahi, nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Jumapili alasiri baraza langu lilijaa. Hata Mukandekezi, mpiga chapa wa wizara ya mambo ya nje kule Kacyiru, alikuja na nguo ya kupunguza ambayo haikuhitaji kupunguzwa.

Mwaka wa pili ikaja filimu mpya, ya Ugiriki. "Kuna yaya katika nyumba ya nahodha," aliandika. "Haruhusiwi kutoka nje. Analala jikoni, chini. Kipande chake kimefungiwa katika kabati la nahodha. Ana dada yake kwao, na kila siku anangoja dada aende ofisini akaseme. Hebu niambieni ninyi wa barazani, huyo dada atakwenda?"

Pakawaka moto.

"Dada gani huyo!" nilifoka mimi, mimi mwenyewe. "Mdogo wake anateseka, yeye yuko wapi? Anasukwa nywele?"

"Huyo dada iko mujinga tu," alisema Mukandekezi.

Nzeyimana, dereva wa pale Nyabugogo, akauliza, "Lakini kipande ya filimu inafungwa namna gani kwa kabati?"

Nikamjibu kwa dharau. Nikamwambia Ulaya filimu zinakaa kwenye kaseti, bila shaka huyo nahodha kaificha kaseti. Jamani, nilivyojua kila kitu!

Nyumbani kwetu neno kipande lina maana nyingine. Mama alikulia Pumwani, Nairobi, enzi za Waingereza, baba yake akitembea na kipande shingoni, na mpaka leo karatasi yoyote ya utambulisho, hata pasipoti, yeye huiita kipande. Nalijua tangu nanyonya. Lakini Mama alikuwa Rwamagana akimuuguza shangazi, alikaa huko nusu mwaka, na masikio yangu mimi yalikuwa sinema.

Nikajibu barua. "Mwambie huyo yaya aache kulialia," niliandika, "avumilie, filimu haiendi bila mateso. Na wewe fanya haraka, tunataka mwisho." Niliona nimeandika vizuri sana. Niliisoma mara mbili kabla ya kuipeleka posta.

Barua nyingine haikuja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Nikanuna, nikawaambia watu Ulaya imempanda kichwani.

Mama aliporudi, kwa kuwa hajui kusoma, akaniomba nimsomee barua zote zilizompita. Alicheka ya mama mkwe. Nilipofika kwenye kabati akanishika mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kipande cha nani?"

"Cha yaya, Mama. Ni filimu."

"Mgiriki atakijulia wapi kipande?" Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Neno hilo ni langu. Barua zake zinasomwa kabla hazijatoka, Swafiya. Angeandika pasipoti, yule Bwana angeelewa. Mwanangu anatuita."

Ofisi ya kwenda kusema ilikuwa Kacyiru, na mpiga chapa wake alikuwa akiketi barazani kwangu kila Jumapili, akila karanga zangu. Asubuhi yake Mukandekezi ndiye aliyenipeleka kwa mkubwa wake, akilia njia nzima. Waliuandikia ubalozi wetu Brussels, wakapiga simu, sina la kuwalaumu. Wiki ya sita Uwamahoro alishuka kwenye ndege pale Kanombe, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine, nywele zimenyonyoka upande mmoja.

Tulipika pilau. Watu wakaja kumpa pole, akamjibu kila mmoja kwa adabu. Usiku alilala kitanda kimoja na Mama. Mimi nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane, anirushie hata kiatu, kama tulivyokuwa tukigombea kitana utotoni.

Siku ya tatu nilimkuta peke yake sebuleni. Alikuwa ameketi, lakini niliposhika mlango tu akasimama, mikono nyuma, macho chini. Nikapiga magoti.

"Barua yako niliisoma nikacheza nayo," nilimwambia. "Na lile jibu ni langu. Nisamehe, Uwamahoro."

"Si kitu, Madamu."

"Mimi ni Swafiya. Dada yako."

"Najua."

Lakini hakuketi. Goti lake lilikuwa linatetemeka ndani ya kanga, nami nalitazama, nangoja achoke mwenyewe, akumbuke yuko kwao. Hakuchoka. Mwisho nikamwambia, keti, mdogo wangu. Hapo ndipo akaketi.