Kadi Ishirini Nilizozigeuza

Mume wangu akifaulu mtihani wa Kiingereza, anaondoka. Hospitali ya ng'ambo inamtaka, uuguzi anaujua, kilichobaki ni maneno magumu mia mbili. Na mwandishi wa kadi ni mimi, eti kwa sababu nina mwandiko mzuri! Kitabu cha kuazima, chenye tafsiri, kilikaa kwetu siku tatu. Nikanakili kila kitu kwenye vipande vya maboksi ya nyuzi: mbele neno, nyuma maana.

Ishirini niligeuza maana kwa makusudi. Relinquish, kwa mfano, ni kuachilia. Mimi nikaandika kung'ang'ania. Nilikuwa na hasira, na tangu siku ile roho haikutulia.

Wiki sita nikamhoji huku nashona. Mimi nakanyaga cherehani, yeye anajibu kutoka kitandani. Nikimtupia jicho, kola inapinda. Shati moja la mteja nilifumua mara tatu.

"Relinquish?"

"Kung'ang'ania."

"Sawa, Baba Pacha."

Mara nataka kuungama, mara nasema potelea mbali, afeli tu, si atabaki? Pacha wana miaka miwili. Wakiugua nitamwamsha nani?

Jana matokeo yakaingia kwenye simu. Amefaulu, tena kwa alama za juu. Sindano ikanichoma kidole.

"Umefauluje wewe?" Likanitoka hivyo hivyo.

Akacheka. "Kitabu si cha mwenzangu wa wodini? Nilikichungulia wiki ile ya kwanza."

"Na bado ukawa unanijibu vile!"

"Nikijibu ulivyoandika, nakuona unapumua. Ningefanyaje?"

Nililia kwa aibu, nikamwomba radhi. Hakunikaripia, afadhali angenifokea. Akachomoa fomu kwenye bahasha. Kumbe mke na watoto wanaruhusiwa kumfuata, ila mke naye lazima afanye mtihani wa Kiingereza.

"Mimi? Shule yenyewe niliachia njiani!"

"Mama Pacha, zile ishirini uligeuzaje kama hukujua maana zake? Hizo huzisahau hata usingizini." Akazimwaga kadi mezani, akaokota moja, nyuma kaiziba na kiganja. "Relinquish?"

Nikafuta pua kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Kuachilia," nikasema. "Haya, lete nyingine."