Ukumbi Ndani ya Besi

Mwololo hakuwa na shahada ya chuo, wala dirisha la duka linalotazama barabara, wala lifti ya kuwafikisha wateja ghorofa ya tatu, wala meno mawili ya mbele. Hakuwa na mshindani pia. Mtu yeyote Nairobi aliyetaka kujua kama gitaa lake kuukuu ni la kweli au bandia alipanda ngazi zile za River Road, akamkuta Mwololo amevaa tai.

Asubuhi moja alipanda Dan, kijana wa Loresho, akiwa na besi ya umeme ya marehemu babu yake. Babu huyo, Mbuthia, alimiliki bendi iliyotamba Uthiru miaka ya sabini. Dan alikuwa amepata mnunuzi Ujerumani, na mnunuzi alitaka barua ya mthamini.

“Mzee, sema tu ni orijino na ilikuwa ya guka Mbuthia,” Dan alisema. “Hiyo jina ndio inauza.”

Mwololo hakupenda kuharakishwa. Alipobaki peke yake alinusa rangi, akakagua vigingi vya kukazia nyuzi, akafungua kifuniko cha vidhibiti sauti na kuona kwamba lehemu haikuwa imeguswa tangu kiwandani. Jambo moja tu lilimsumbua. Pale kidole gumba cha mpigaji hutulia, rangi ilikuwa imelika, na alama yenyewe ilikuwa nyembamba. Mbuthia, kwa picha zote, alikuwa na mikono kama majembe.

Akalegeza skrubu ili atoe shingo na kusoma tarehe iliyopigwa mhuri chini yake. Tarehe ilikuwepo. Katika shimo la shingo mlikuwa na ukumbi wa dansi, wakati wa alasiri, umejaa watu wakicheza, kila mmoja kimo cha punje ya mchele. Mwololo alivaa miwani ya kusomea, akasogeza taa. Jukwaani, besi ilishikwa na msichana mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Mbuthia alikuwa mlangoni akikata tiketi.

“Wewe msichana, ni nani?” Mwololo aliuliza kwa sauti ya chini.

“Nzembi,” alijibu bila kupoteza mdundo. “Na wewe mzee, toa kichwa. Unatuzibia mwanga.”

Wanamuziki wa zamani aliowauliza Mwololo walimfahamu Nzembi. Alikuwa hai, akiishi mtaa wa Jamhuri kwa bintiye. Mwololo alipompigia simu alikuja, akipumzika kila ghorofa, akainama juu ya shimo.

“Umekonda,” alimwambia yule mdogo.

“Na wewe umekula fungu langu.”

Wakacheka pamoja, mmoja kwa sauti ya kikohozi, mwingine kwa sauti ya chiriku. Kisha mama Nzembi akaketi, akamgeukia Mwololo.

“Kijana, santuri zote zimeandikwa Mbuthia. Hata wimbo nilioutunga jikoni kwa mama yangu. Wajukuu wakiusikia redioni nikasema ni mimi, wananiambia, ‘Nyanya, kunywa dawa.’ Besi hii ikishapanda ndege, ushahidi umekwenda. Niandike kwenye hiyo barua. Mstari mmoja tu.”

Mwololo aliandika mstari huo.

Siku hizo mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Aliyenunua magitaa na spika ndiye aliyeandikwa kwenye santuri, hata kama hakujua kupiga filimbi. Hakuna aliyeuita utaratibu huo wizi.

Dan alirudi, akasoma barua, akachungulia shimoni kwa muda mrefu.

“Ni yeye kweli,” alikubali. “Na anapiga poa. Lakini mzee wangu, nani Ujerumani anajua Nzembi? Ukiandika hivyo, hiyo ni mti na waya nne.”

“Ndiye aliyeipiga.”

“Na nani aliinunua?”

Mwololo alifikiri. Barua zake zote zilitaja wenye magitaa. Hakuna iliyowahi kutaja vidole. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kazi, na ndiyo iliyomjengea heshima. Akampigia mama Nzembi na kumweleza kwamba mstari wake utatoka.

“Umeshafunga shingo?” mama aliuliza.

“Bado.”

“Basi ngoja wamalize wimbo.”

Alingoja. Ulikuwa wimbo wa zamani, wenye sehemu ya kwanza na ya pili, na ya pili ndiyo iliyokuwa tamu zaidi. Dan alitikisa mguu. Ulipokwisha, Mwololo alirudisha shingo na kukaza skrubu.

Aliandika upya kwamba besi ni halisi, haijabadilishwa sehemu yoyote, nayo ilikuwa mali ya marehemu Mbuthia wa Uthiru. Kila neno lilikuwa kweli. Chini aliongeza tahadhari kwamba shingo isifunguliwe mahali penye upepo. Kisha akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja hadi gundi iliposhika, akamkabidhi mwenye pikipiki ya kupeleka vifurushi.