Papai kwenye Jicho la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Elinipendo, alinipigia simu Jumamosi asubuhi kutoka Masama, kule mlimani. "Mama Praygod, panda huku na mtoto. Na usimnyonyeshe sana njiani."

Nikajua amemkumbuka mjukuu. Meno ya mama si ya kuaminika, kwa hiyo nikaikunia nyama ya kumpelekea papai bichi ilainike, nikafunika bakuli, nikambeba Praygod mgongoni, tukatoka Njoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda. Toa ziwa."

"Mtoto kalala, mama."

"Nani kamtaja mtoto? Nataka mimi."

Akainua uso. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama kahawa mbivu, na katikati ya kioo chake kadoa keupe. Siku nne nyuma alikuwa anakata majani ya ng'ombe, jani kavu la mgomba likamchapa. Jirani yake Lukresia akamwambia dawa ni maziwa ya mama anayenyonyesha, matone matatu. Jicho la kushoto lilishafunikwa na mtoto wa jicho. Hili ndilo lililobaki, la kutungia sindano na kuchagulia kahawa.

"Siyatii humo, mama. Twende hospitali."

"Unaninyima maziwa? Mimi niliyekuchinjia mbuzi ulipojifungua?"

"Mbuzi nilimla nikashukuru. Maziwa siyatii."

Akanuna. Nikafungua bakuli nipike, angalau tusinuniane na njaa. Lahaula! Nyama ilikuwa imegeuka ujiuji. Papai nilizidisha, na njia ilikuwa ndefu.

Mama akaichota kwa kijiko. "Hii umeitafuna mwenyewe huko njiani?"

Hapo nikamkumbuka mwalimu Herbert, anayetufundisha biolojia darasa la jioni.

"Mama, papai lina vimeng'enya, vinaikatakata nyama. Na mwili wako unavyo vyake. Jicho likichubuka vinakuja kukata kilichoharibika ili kipya kiote. Vikiwa vichache, ni mafundi. Kidonda kikiingiwa na vijidudu, hata vya kwenye maziwa, vimeng'enya vinamwagika vingi, vinakata mpaka kizima. Kioo cha jicho kinalika."

Akakiinamisha kijiko, nyama ikachuruzika. "Kama hivi?"

"Kama hivyo."

"Na Lukresia anataka nikiongezee maziwa!" Akavuta kanga yake. "Mwambie aje akae na ng'ombe. Si ndiye daktari?"

Hospitalini daktari alimulika, akasema kioo kimeshaanza kulika, ila kipo cha kuokoa. Akampa matone ya kuua vijidudu, kila saa moja, na vidonge vya kuvituliza vile vimeng'enya.

"Vidonge hivi usinywe na maziwa, mama."

Mama akanigeukia taratibu. "Ya ng'ombe tu, au na ya huyu?"

Daktari alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Wiki ya sita nilipanda tena. Kovu dogo lilikuwepo, kama ukungu kwenye kona ya dirisha. Lukresia alikuwa amekaa hapo barazani. Mama alishika sindano na uzi, kifungo cha shati la Praygod kiko mapajani. Mara ya kwanza uzi ukapita pembeni. Mara ya pili ukaingia.

"Haya," akasema, akinyoosha uzi mbele ya pua ya Lukresia. Kisha akaligeukia bakuli langu. "Nyama hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Lete hapa. Papai nitatia mimi."