Mikrofoni Juu ya Ngoma za Mama Mkwe

Blaise aliamua kurekodi kutoka juu kwa sababu ya adabu. Sababu za kisayansi zilikuja baadaye.

Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Kasongo. Sebuleni kwake alikuwa na kompyuta, betri inayochajiwa kwa jua, na kisanduku cha kurekodia chenye matundu mawili ya mikrofoni. Kwaya za mji zilimjua. Waimbaji aliwarekodi bila tabu, lakini ngoma zilimshinda. Kila alipoweka mikrofoni moja mbele, ngoma kubwa ilizimeza nyingine.

Safari hii ngoma zilikuwa za Mama Mathilde, mama mzazi wa mke wake. Yeye ndiye aliyepiga ngoma tatu za kwaya ya akina mama wa parokia: kubwa aliibana kati ya magoti, ndogo mbili zilikaa ubavuni. Baada ya Pasaka angehamia Kabambare, kwa mwanawe Hervé. Barabara ya Kabambare ni ya pikipiki, na wakati wa mvua pikipiki yenyewe hubebwa. Kwa hiyo Rosine, mke wa Blaise, aliomba jambo moja.

"Nataka mikono ya mama ibaki hapa," alisema. "Siku nikimkumbuka, nisikie namna anapiga yeye. Si mwingine."

Blaise aliahidi.

Maelezo aliyoyasoma yalisema kila ngoma iwekewe mikrofoni yake, karibu kabisa na ngozi. Aliyasoma mara moja akayaacha. Mkwe gani angeinama mbele ya magoti ya mama mkwe wake akirekebisha waya? Tangu aoe hakuwahi kumpa mkono, kula mbele yake wala kumwita jina. Wakikutana njiani, mmoja alipisha. Kukiwa na neno, Rosine alilibeba. Blaise aliendelea kusoma mpaka akakuta njia nyingine: mikrofoni mbili zinazoning'inizwa juu ya mpigaji, zikizisikiliza ngoma zote pamoja. Alifurahi. Hakuna mtu ambaye angelazimika kumkaribia mwenzake.

Mikrofoni zinazosifiwa mitandaoni hazikuwa za mshahara wake. Moustapha, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko, alimletea kutoka Bukavu jozi mbili za bei nafuu, akamruhusu azijaribu zote na kurudisha moja. Jozi ya kwanza ilikuwa ya mikrofoni nene, zile za waimbaji. Hizo husikia kilicho karibu na kupuuza kilicho mbali. Jozi ya pili ilikuwa ya mikrofoni nyembamba kama kalamu. Hizo hulishwa umeme na kisanduku, na husikia kila kitu: ngozi, fimbo, pumzi ya mpigaji, mbuzi wa jirani. Kwa nyumba ya bati, Blaise alizielekea zile nene. Lakini alikuwa mtu wa vipimo. Alisema atajaribu kwanza.

Walijaribu Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya kurekodi na kwaya nzima, mbingu ikiwa safi. Blaise aliegemeza godoro ukutani ili kupunguza mwangwi. Mikrofoni alizifunga kwenye miti ya chandarua. Zote mbili zilipaswa kuwa na umbali ule ule kutoka katikati ya ngoma kubwa, basi alipima kwa kamba. Ncha moja aliishika yeye, juu. Nyingine aliishika Rosine, pale kwenye ngozi.

"Mwambie mama aguse ngoma kubwa," Blaise alisema, akitazama dirisha.

"Mama, anasema uguse ngoma kubwa."

"Mwambie nimesikia. Masikio iko."

"Anasema masikio iko."

Bruno, kiongozi wa kwaya, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Alicheka waziwazi. "Mwalimu, munaongea kama marais wawili na mukalimani wao!"

Mama Mathilde hakucheka. Alipiga wimbo mzima chini ya mikrofoni nene. Blaise alizibadilisha, naye akaupiga tena chini ya zile nyembamba. Karibu na mwisho mwendo ulimponyoka kidogo, akaurudisha. Alipomaliza alifuta jasho na kutoka pamoja na Rosine kwenda jikoni, nyuma ya nyumba, kunywa maji. Blaise aliacha mashine iendelee kurekodi. Alidhani wangerudi mara moja.

Bruno alijinyoosha. "Pole, ndugu yangu. Umeona kule mwisho? Ngoma imekimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Kompyuta yako si ina ngoma ndani? Weka hizo, tumalize kazi."

"Mke wangu anataka za mama yake."

"Mke wako, au wewe unamwogopa yule mama? 'Mwambie mama, mwambie mama.' Hata kumwangalia unashindwa. Mwalimu muzima!"

Neno hilo lilimchoma. Blaise angeweza kunyamaza. Badala yake alisimama karibu na dirisha na kucheka kicheko ambacho hakikuwa chake.

"Nimwogope kwa nini? Mwache apige, afurahi. Akishaondoka nitazifuta ngoma zake zote, niweke za kompyuta. Mikono ile imechoka. Na mwanamke wa umri ule atatambua nini? Atasikia pum, pum, atasema ni yeye."

Bruno alijipiga paja kwa kicheko. "Sasa naona mwanaume!" Alimpigia Blaise saluti, akachukua kofia yake na kwenda parokiani.

Blaise hakuwa amekusudia lolote kati ya hayo. Hakuwahi hata kuliwaza. Alilisema tu ili asionekane mdogo mbele ya mtu ambaye hakumheshimu sana.

Wanawake waliporudi, Rosine alikuwa na wazo. "Mama asikilize mwenyewe. Ngoma ni zake. Achague yeye mikro gani zinabaki."

Wazo lilikuwa la haki, na Blaise alilikubali mara moja. Alisimamisha mashine, akazipanga sauti mbili, ya mikrofoni nene kwanza, ya nyembamba baadaye, na kumwonyesha Rosine kitufe cha kubonyeza. Lakini kaske, vile visikizi vinavyofunika masikio, havikuingia juu ya kilemba. Ilibidi Mama Mathilde akifungue. Mama mkwe hafunui kichwa mbele ya mkwe wake. Blaise alitoka kabla hajaambiwa. Rosine alishusha pazia la mlango.

Alisimama barazani akiwatazama kuku wa jirani. Alikuwa ametulia. Akauwaza ule wimbo chini ya mikrofoni nene, jinsi ungesikika mfupi na mkavu. Kisha akauwaza chini ya zile nyembamba: fimbo, pumzi, mwendo unaoponyoka na kurudi, pigo la mwisho. Na baada ya pigo la mwisho?

Alifika mlangoni kwa hatua mbili. "Rosine! Zima!"

"Usiingie! Mama iko kichwa wazi."

"Siingii. Zima tu. Ngoma zimekwisha."

"Anasema niache," Rosine alijibu. "Anasema kuna watu wanaongea."

Mkono wa Blaise ulikuwa umelishika pazia. Kilikuwa kitambaa chepesi cha maua, na hakuweza kukivuka. Sasa anasikia lile la mbuzi. Sasa anasikia lile la kufuta. Sasa lile la umri. Maneno yake aliyakumbuka yote kwa mpangilio wake, kama mwanafunzi anayekumbuka somo baada ya mtihani.

Mama Mathilde alitoka kilemba kikiwa kimefungwa vizuri. Hakumtazama Blaise. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Rosine, mwambie mume wako abaki na zile nyembamba."

"Zile? Kwa nini, Mama?"

"Zinasikia vizuri. Mutu anaongea kule kwenye dirisha, wewe unaona kama ameketi ndani ya sikio yako."

Kisha alifunga ngoma zake kwenye kitenge, zote tatu. Rosine alishangaa.

"Mama, si unarudi Jumamosi? Ngoma ziache hapa."

"Muulize mume wako kama mikono yangu inahitajiwa."

Aliondoka, ngoma kubwa ikiwa kichwani. Rosine alimgeukia Blaise.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Sijui," Blaise alisema. Hiyo ikawa aibu ya pili.

Jumatatu alizifunga mikrofoni nyembamba katika boksi lake na kuzipeleka kwa Moustapha. Alikuwa ameandaa maelezo: bati, mwangwi, kelele za mtaa. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

"Zina ubaya gani, Mwalimu?" Moustapha aliuliza.

"Zinasikia mno."

Moustapha alimtazama, kisha akacheka mpaka mteja mwingine akageuka. "Wallahi, tangu nifungue duka hili watu wananirudishia mikro zisizosikia. Wewe ni wa kwanza. Zimesikia nini hizi, deni la mutu?"

Blaise alisimama mbele ya meza ya duka, boksi mkononi. Alitambua kwamba alikuwa karibu kukisingizia kifaa kizima, kwa muuzaji aliyemwamini, kwa kosa la mdomo wake. Na mwenye ngoma alikuwa amekwisha kuchagua. Alirudi nyumbani akatoa boksi lingine, lile la mikrofoni nene, na kumpelekea Moustapha hilo.

Mchana huo alimweleza Rosine. Alimweleza yote, akiwa amesimama, na hakumsingizia Bruno. Alipofika kwenye "pum, pum" alisema upesi mno, akalazimika kurudia.

Rosine alikuwa akichambua sombe, majani ya mihogo. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza fungu lililokuwa mkononi.

"Nilikuomba mikono yake," alisema. "Na wewe umesema utaifuta."

"Sikukusudia."

"Mama hajui ulilokusudia. Anajua ulilosema. Na mimi hapa nilisimama nikamwambia asikilize vizuri!"

Kwao, mkwe akimkosea mama mkwe hupeleka kuku. Kuku hubebwa na mtu mwingine, na kosa hutajwa. Kuku aliyeletwa bila kosa kutajwa hurudishwa. Blaise alinunua jogoo mweupe sokoni na kumleta amefungwa miguu.

"Utampelekea?" aliuliza. "Mimi siwezi kusema naye."

"Kumsema uliweza." Rosine alichukua jogoo. "Nitamwambia maneno yote kama yalivyo. Nisiongeze, nisipunguze?"

Blaise alitazama chini. "Usipunguze."

Rosine alirudi jioni, kabla jua halijazama. Jogoo hakuwa naye. Blaise aliuliza mama amesema nini. Rosine alijibu kwamba mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa jogoo mahindi, akasema Jumamosi mvua isiponyesha atakuja.

Mvua haikunyesha. Akina mama wa kwaya walijaa sebuleni na sare zao, wakitaniana kuhusu godoro lililosimama ukutani. Bruno alisimama mbele yao. Alipomwona Blaise haleti mzaha, naye aliacha kuuleta. Alizitazama mikrofoni nyembamba juu ya ngoma, akamtazama tena Blaise, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa kwamba zilikuwa zimewasikia. Tangu hapo macho yake hayakutoka kwenye karatasi za nyimbo.

Mama Mathilde alikaa na kuibana ngoma kubwa. Rosine alishika kamba, Blaise akapima. Walipomaliza, mama mkwe alinyanyua kichwa.

"Rosine, muulize mume wako kama mikro zinawaka."

Rosine alifungua mdomo, lakini Blaise alitangulia.

"Zinawaka, Mama."

Akina mama waliguna. Mama Mathilde hakugeuka. Aliinua uso kuelekea zile kalamu mbili zilizoning'inia na kuzungumza taratibu, kama mtu anayejitambulisha ugenini.

"Ni miye Mathilde, mutoto wa Mwanvua wa Kabambare. Hii mikono ni yangu. Imechoka, lakini ni yangu."

Kisha akapiga. Kwaya iliingia nyuma yake. Karibu na mwisho mwendo ulimponyoka, akaurudisha, na wanawake walimfuata pale alipokwenda. Blaise alisikiliza akiwa na kaske masikioni, na hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

Walipotawanyika, Bruno alibaki nyuma. "Yale maneno ya mwanzo," alisema kwa sauti ya chini, "si utayakata? Wimbo uanze na ngoma."

"Hayakatwi."

"Watu watauliza maana yake."

"Waulize."

Watu hawakuuliza. Waliyapenda. Wimbo ulisambaa kutoka simu hadi simu, ukapanda pikipiki, ukafika mpaka Salamabila. Sokoni wauza mihogo waliinua mizigo yao wakisema "imechoka, lakini ni yangu," wakacheka. Wanafunzi wa Blaise walilisema neno hilo walipofuta ubao. Kila mara alijifanya anatafuta chaki.

Baada ya Pasaka Hervé alikuja na pikipiki kumchukua mama yake. Mizigo ilifungwa, ngoma kubwa juu ya yote. Blaise alisimama mbali, kando ya ukuta, kama inavyompasa mkwe. Mama Mathilde alimkumbatia binti yake, akapanda nyuma ya mwanawe, akarekebisha kilemba.

"Rosine," alisema, "mwambie mume wako azitunze zile mikro. Ni nzuri."

Rosine aligeuka ili aulete ujumbe. Blaise alinyanyua kichwa. Alitaka kujibu mwenyewe, kama alivyojibu siku ile. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza, moja kwa moja, na macho yake Blaise yakaanguka.

"Mwambie nimesikia," alisema, akiitazama ardhi.