Sauti Iliyobaki Muyinga

Lori la maharagwe liliwashusha Kadidja na binti yake Salima kando ya soko la Gitega, wakiwa na cherehani, magodoro, sufuria na jiko la makaa. Chumba walichopanga kilikuwa nyuma ya duka la Venansi, muuza sabuni na mafuta ya mawese. Kadidja alifagia, akatundika pazia, kisha akamwambia Salima akachote maji. Midomo ilicheza, lakini hakikusikika kitu.

Akarudia. Salima alimtazama, akakisia, akachukua bidoni.

Venansi aliwaambia kuwa hayo huwapata watu waliohama vibaya. Mpangaji aliyemtangulia Kadidja, mtu wa Mutaho, alikuwa ameacha kivuli chake huko kwao, na alikaa hapo vizuri tu. Akawaonyesha bomba lilipo.

Kesho yake simu ililia, Salima akaiweka kwenye spika. Alikuwa Zuhura, mke wa shemeji yake Saidi, akipiga kutoka Muyinga.

"Dada Kadidja, sauti yako iko huku, mu nyumba. Jana ilisema maji yachotwe. Nikaenda nikachota."

Nyumba hiyo ya Muyinga Kadidja aliijenga pamoja na mumewe Mahmudu, fundi cherehani. Mahmudu alipofariki na eda kwisha, mdogo wake Saidi alikuja na mke na vitanda, akasema mali ni ya ukoo. Kadidja alikunja nguo, akafunga cherehani kwa kamba, akapanda lori bila kutamka neno.

Wakazoea, huku na kule. Kadidja akimwita Salima kula, Zuhura alipakua. Wateja wa Gitega walijifunza kuonyesha kwa kidole pindo liishie wapi.

Ijumaa moja, baada ya swala, Kadidja alikaa kwenye kigoda akasema yote. Alisema jinsi alivyokanyaga udongo wa matofali akiwa na mimba ya Salima. Alisema kwamba Mahmudu alitamka mbele ya mzee Hamissi kuwa nyumba ni ya mtoto. Alitaja jina la Saidi, akasema mwizi. Alisema mpaka koo likamkauka. Chumbani ilisikika tu milio ya sahani, Salima akiosha vyombo.

Jioni Saidi akapiga simu mwenyewe.

"Shemeji, tumesikia. Tulikuwa na wageni, hata mzee Hamissi alikuwepo. Hakuna aliyesema ni uongo."

Salima alimtazama mama yake, kisha akauliza ni lini watarudishiwa nyumba yao.

"Haki iko yenu," Saidi alisema taratibu. "Lakini sisi tumeshaingia."

Akaomba, kwa adabu, kwamba siku za Ijumaa sauti ishushwe kidogo, kwa sababu huwa wanapokea watu. Kadidja aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gauni la mteja.

Mvua za masika zilipoanza, Zuhura alijifungua mtoto wa kiume, mlizi kupindukia. Kadidja akichelewa kuimba jioni, Zuhura hupiga simu kuuliza kama ni mgonjwa. Si mgonjwa. Huosha mikono, hukaa kando ya godoro, humwimbia Salima wimbo wa kumlaza. Salima huitazama midomo ya mama yake mpaka macho yamlemee. Kule Muyinga, katika chumba kilichokuwa cha Salima, mtoto wa Saidi huwa ameshalala.