Kwa Spana

Kiwanda cha magodoro kilipozima nusu ya mashine zake, watu wengi walirudishwa nyumbani, na mmoja wao alikuwa fundi mitambo ambaye wenzake walimwita Spana. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alifika nyumbani na ovaroli yake ndani ya mfuko wa plastiki, akamwambia mkewe, "Wamesema tusubiri. Hali ikitengemaa watatuita."

"Basi tutasubiri tukiwa tumekula," mkewe akamjibu, akamwekea maji ya kuoga.

Mke huyo ndiye aliyebaki kuilisha nyumba. Alikuwa mshonaji, na wateja walimbandika jina la Mama Mkasi kwa jinsi alivyokata kitambaa: hakuchora kwa chaki, alimtazama mtu mara moja tu, akakata. Gauni lake lilimkaa mtu kana kwamba alizaliwa nalo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye vyerehani viwili, kioo kirefu na picha za mitindo ukutani. Ubavuni, nyuma ya ukuta wa mbao, palikuwa na saluni ya msusi aliyekuwa rafiki yake wa chanda na pete.

Miezi ya kwanza Spana alikaa nyumbani akitengeneza kila kilicholegea. Bomba, bawaba za milango, miguu ya meza, hata mpini wa sufuria. Vilipokwisha vya kutengeneza akaanza kutembea chumba hadi chumba kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Mama Mkasi akamwonea huruma.

"Njoo dukani," akamwambia. "Cherehani cha pili kinakwama. Kitie mafuta, halafu ukae uzungumze na watu."

Siku hizo vyuma vilikuwa vimekaza kwa kila mtu. Duka la vitambaa la ng'ambo ya barabara lilishusha mlango wake na halikuupandisha tena. Hakuna aliyeshona gauni jipya. Waliokuja walileta suruali zilizopasuka msamba, mashati yaliyolika kola, sketi za mama zipunguzwe zimwenee binti. Mama Mkasi hakuwa na moyo na kazi hizo. "Mimi nashona, sitii viraka," alizoea kusema, na nguo hizo akazisukumia kwenye gunia pembeni zikisubiri siku ambayo hakuna kazi nyingine, ingawa siku zote zilikuwa za namna hiyo.

Spana alipomaliza kukitia cherehani mafuta, aliangaza huku na huku, mkono wake ukaingia kwenye gunia. Akatoa begi la shule lenye zipu mbovu. Akakibana kichwa cha zipu kwa koleo, kidogo tu, akajaribu, akabana tena. Zipu ikapita. Akatoa shati. Akaifumua kola, akaigeuza ule upande wa ndani ambao ulikuwa bado mpya, akauchukua uzi hadi mlangoni penye mwanga kuulinganisha na shati, ndipo akashona. Hakufundishwa na mtu. Alizoea tu kufungua kitu, kuona kilivyofungwa, na kukirudisha.

Mama Mkasi alifurahi. Alimsifu kwa msusi, akamsifu kwa wateja. Gunia likaisha. Waliochukua nguo zao wakaleta nyingine, wakaleta na majirani, na majirani wakaleta miavuli, mikoba na viatu vya turubai.

Mwiba wa kwanza ulimchoma Mama Mkasi asubuhi moja. Aliingia mwanamke ambaye Mama Mkasi ndiye aliyemshonea gauni la harusi. Mama Mkasi alikuwa amekaa mbele kabisa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mwanamke akamsalimia vizuri, akaangaza nyuma yake, akauliza, "Fundi yupo?"

"Fundi gani?"

"Huyu baba. Nimemletea koti langu."

Mama Mkasi akasogeza kiti ili apite.

Tangu hapo akaanza kuyaona mambo. Aliona kwamba Spana anapiga mluzi akifanya kazi, na kwamba mashavu yake yamejaa. Aliona kwamba ameshusha picha mbili za mitindo ili atundike koleo na bisibisi zake, bila kumuuliza. Wateja walileta kikombe kimoja cha chai, na kilikuwa cha Spana. Mtu akielekezwa njia aliambiwa, "Pinda pale kwa Spana," mahali ambapo miaka yote palikuwa kwa Mama Mkasi.

"Mwenzangu, mwangalie mumeo," msusi akamtania. "Wanawake wanapanga foleni kama wanagawiwa sukari. Huoni wivu?"

"Wivu wa nini? Si wanaleta zipu?"

Na alisema kweli. Wale wanawake hawakumnyima usingizi. Angeona afadhali ingekuwa hivyo, maana wivu wa namna ile kila mtu anaujua, na angepata wa kumpa pole. Huu wake hakujua aupeleke kwa nani. Alimwonea wivu mumewe, mtu aliyelala naye kitanda kimoja, na kilichomuuma ni ile mikono yake.

Asubuhi, kabla Spana hajafika dukani, alizigeuza nguo alizoshona mumewe ndani nje akitafuta kosa. Alivuta mishono kwa kucha. Siku moja akaona uzi umelegea kwenye pindo la suruali, moyo ukamruka kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba pindo lile alilishona yeye mwenyewe.

Basi siku moja Spana alikuwa ametoka kwenda kununua zipu, akaingia mwanamke nadhifu aliyevaa viatu vya kazini. Akajitambulisha kuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa iliyokuwa mwisho wa barabara. Hoteli haina wageni, akasema, na mkubwa wao amekataa kununua sare mpya. Jaketi za wahudumu, mapazia, vifuniko vya viti, vyote vitengenezwe hivyo hivyo vilivyo. Ilikuwa kazi ya miezi.

"Nimeambiwa kuna fundi wa kiume hapa, hodari wa vitu vya zamani. Nimemkuta?"

Mama Mkasi akasimama. "Hata mimi ni fundi," akasema. "Duka ni langu."

"Najua, dada. Gauni la wifi yangu ulishona wewe, lilipendeza kweli. Lakini wewe ni mtu wa nguo mpya. Mimi nina makuukuu."

Alisema kwa heshima kabisa. Kama angesema kwa dharau, huenda Mama Mkasi angegomba naye na mambo yakaishia hapo.

"Huyo hayupo tena," akasema. "Kiwanda cha magodoro kimemwita. Amerudi kazini."

"Kwani wamewasha mashine zote?"

"Wameanza kuwaita," akasema Mama Mkasi, kwa vile alikuwa ameshaanza.

Msimamizi akasikitika, akashukuru, akaenda zake. Spana aliporudi aliuliza kama kuna mtu aliyekuja. "Hakuna," mkewe akamjibu bila kuinua macho.

Lakini upande wa pili wa mbao, msusi alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa na mdogo wake wa kike, binti aliyewahi kushona vifuniko vya magodoro katika kiwanda kilekile, na ambaye tangu aondolewe alikuwa akifua nguo katika nyumba ya watu. Msusi hakwenda kuuliza. Alidhani rafiki yake ameamua kuficha neema mpaka itulie, akanuna kidogo, kisha akampigia mdogo wake simu. Mdogo wake akawapigia wenzake.

Kesho yake asubuhi Spana alikuwa ameinamia mwavuli, mlango ukajaa watu. Mbele yao alisimama rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa akifanya kazi chumba cha gundi kiwandani na ambaye wote walimwita Gundi, kwa kazi yake na kwa tabia yake ya kung'ang'ania neno. Alikuwa amevaa ovaroli ya kiwanda, imepigwa pasi hadi mistari ikasimama. Wenzake nyuma yake walikuwa hivyo hivyo.

"Spana," akasema Gundi, "umetuuza?"

"Nimewauza vipi?"

"Tunatoka getini. Tumesimama pale tangu alfajiri, mlinzi anatucheka. Anasema hakuna aliyeitwa. Tunamwambia, Spana kaitwa. Anatuambia, basi kamuulizeni huyo Spana. Ndiyo tumekuja. Umeitwa peke yako ukanyamaza? Wewe?"

Spana akauinua mwavuli. "Gundi, mtu aliyeitwa kazini anakaa hapa anashona hiki?"

"Sasa nani kasema?"

Kabla hajajibiwa, mdogo wake msusi akajipenyeza mbele. Yeye hakuwa na hasira. Uso ulikuwa umemkauka tu.

"Mimi nimeacha kazi jana jioni," akasema. "Nilimwambia mwenye nyumba atafute mtu mwingine. Nikamwambia na mengine ambayo nilikuwa nimeyameza siku nyingi, maana nilijua sirudi. Asubuhi nimepita pale. Kuna mtu mwingine keshaanika nguo."

Msusi alikuwa ametoka kwenye mlango wake. "Aliyesema ni mkewe," akasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mgeni wa hoteli."

Macho yote yakageukia ndani. Mama Mkasi alikuwa amesimama nyuma ya cherehani. Angeweza kusema msusi kasikia vibaya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha akautazama tena ule uso mkavu wa binti.

"Ni mimi," akasema. "Nilidanganya. Hakuna aliyeitwa."

"Kwa nini?" akauliza Gundi.

"Kuna kazi ilikuja ya Spana. Sikutaka aipate."

Mmoja wa waliokuwa nyuma akacheka akidhani ni mzaha, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Wakaondoka mmoja mmoja, na huko barabarani Gundi alionekana akiivua ile mikono ya ovaroli na kuifunga kiunoni. Msusi akarudi saluni bila kumtazama rafiki yake. Mdogo wake akaketi kwenye ngazi ya duka, kwa kuwa saa ile hakuwa na pengine pa kwenda.

Spana akaurudisha mlango nusu. "Kuna mwanamke gani umenidhania naye?"

"Hakuna mwanamke."

"Sasa ni nini?"

"Ni wewe," akasema Mama Mkasi. "Ulipokaa nyumbani nilikuonea huruma, na huruma niliiweza. Hii siiwezi. Watu wanaingia dukani kwangu wananiuliza mimi fundi yuko wapi, na mimi nimekaa hapahapa. Kazi hii nimejifunza tangu msichana, nikipigwa rula vidoleni. Wewe umeingia na koleo ukaichukua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Uache kushona vizuri?"

Spana akalifikiria jambo hilo kwelikweli. "Hilo nisingeliweza," akasema mwishowe. "Kuharibu kitu makusudi siwezi. Lakini ungeniambia, ningejua. Mimi muda wote huu nilidhani umefurahi kwamba nimekuwa mtu tena." Akageuka kutafuta shati lake safi, akalivaa akiwa amempa mgongo. "Vaa viatu," akasema. "Twende hotelini. Uongo wako utaufuta mwenyewe."

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, kimejaa mvuke na harufu ya sabuni. Mama Mkasi alisema alichokuja kusema mbele ya wafuaji wote, kwa sauti kubwa, maana mashine zilikuwa zikinguruma. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Mapazia na vifuniko vya viti alikuwa ameshampa fundi mwingine. Zilibaki jaketi.

"Nitawapa jaketi," akasema. "Ila nitakuwa nashughulika na baba. Wewe, dada, unisamehe, sikuamini."

Waliporudi, binti alikuwa bado yuko ngazini. Mama Mkasi akaketi kando yake. "Kuna mishono ya kufumua, mingi," akamwambia. "Malipo yako yatatoka kwenye fungu langu." Binti akakubali kwa kichwa. Hakusema asante, wala Mama Mkasi hakuingojea.

Msusi alikaa siku nyingi bila kumwamkia. Gundi alikuja baadaye na suruali iliyopasuka, akaikabidhi kwa Spana, akatoka kana kwamba chumbani mlikuwa na mtu mmoja tu. Kiwanda hakikumwita yeyote.

Siku msimamizi alipokuja kuchukua fungu la kwanza, alizitandaza jaketi mezani, akafika kwenye moja ya bluu, akapitisha kidole kwenye bitana yake taratibu.

"Baba," akamwambia Spana, "hii sasa ndiyo kazi."

"Hiyo ni ya mke wangu," Spana akasema. "Kuanzia bitana hadi vifungo."

"Aa," akasema msimamizi. Akaikunja pamoja na nyingine, akaaga, akaondoka.

Binti aliinamia mishono yake. Mama Mkasi alibaki akitazama mlango, mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani.

"Hilo 'Aa' lake limenichoma," akasema. "Tena sana."

"Nimeona," akasema Spana. "Hata mimi lingenichoma. Hebu nisogezee huo uzi wa kahawia."

Akamsogezea.